Unga wa "Kuweka Sawa Homoni" Kutoka Karagwe na Kyerwa: Ushahidi Uko Wapi, na Sharia Inasema Nini?

 



Tumeletewa swali na dada yetu mmoja wa Pemba, pamoja na picha ya kifuko cha unga wa rangi ya kaki. Juu ya kifuko pameandikwa kuwa ni dawa ya asili kutoka Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, na kwamba inaweka sawa homoni za wanawake, inaondosha chango, inayeyusha uvimbe, inazibua mirija, inarudisha hedhi iliyopotea na inakata hedhi iliyozidi. Kifuko kimoja shilingi elfu thelathini, na dozi ni vifuko vitatu. Dada anasema ameolewa mwaka wa nne sasa, hajajaaliwa mtoto, hedhi yake humpotea miezi miwili hata mitatu, na aliyemletea dawa ni mama mkwe. Ametumia kifuko cha kwanza, na damu imemtoka siku kumi na mbili. Anauliza mambo mawili: je, dawa hii ni ya kweli? Na siku hizo kumi na mbili alikuwa aswali au asiswali?

Tuanze na la pili, kwani Swala haisubiri. Kwa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu visiwani, uchache wa hedhi ni mchana na usiku mmoja, wingi wake ni siku kumi na tano, na uchache wa twahara baina ya hedhi mbili ni siku kumi na tano. Dada huyu alikuwa twahara kwa zaidi ya miezi miwili, na damu yake haikuvuka siku kumi na tano. Hiyo ni hedhi, hata kama iliyoitoa ni dawa. Alivyoacha Swala alifanya sawa, na halipi Swala hizo. Ingelikuwa ni Ramadhaan angelilipa Swaumu tu. Lau damu ingevuka siku kumi na tano angekuwa na istihaadha, na hapo hukumu inageuka: anarejea kwenye ada yake anayoijua, anaoga, anajihifadhi, anatia wudhuu kwa kila Swala ya fardhi baada ya kuingia wakati, na anaswali huku damu inatoka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa na Faatwimah bint Abi Hubaysh (Radhiya Allaahu 'anhaa) alimfahamisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa na si hedhi. Yaani tangu zama hizo tumefundishwa kwamba si kila damu ni moja, na kwamba mwanamke aulizwe kwanza ada yake kabla ya kupewa jibu.

Hilo ni jepesi. La kwanza ndilo lililotuchukua muda.

Karagwe kwetu si mahali pa kigeni. Kabla ya Mzungu yeyote kufika huko, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme wa Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 walipita njia ambayo misafara ya kutoka pwani ilikuwa tayari inaijua, na Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim amekaa hapo Kafuro miaka mingi, ana nyumba na biashara yake. Kwa hiyo bidhaa kutoka huko kuja kwetu si jambo la jana. La jana ni hilo neno homoni.

Sisi tulipata kwenda huko na wenzetu katika safari ya da'wah. Tulikaa Kayanga, kisha tukaingia Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tukafika Nkwenda na hadi Murongo mpakani mwa Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na Wanyambo ni watu wakarimu mno. Nyuma ya kila nyumba, ndani ya kibanja cha migomba, utakuta miti ya dawa imeachwa makusudi. Ule unaojulikana zaidi ni mubilizi, mti wenye majani machungu sana, ambao wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Wanautumia kwa homa, kwa tumbo, kwa minyoo, na wanawake wanautumia kwa mambo yao.

Tulikaa na bibi mmoja, Muislamu, mkunga wa jadi aliyeacha kazi kwa uzee. Tukamuuliza khabari za dawa za homoni. Alicheka. Akasema yeye hilo neno analisikia redioni. Yeye alikuwa akitibu tumbo la mzazi, na kondo lililokawia, na mwanamke ambaye maziwa hayaji. Tukamuuliza kuhusu msichana ambaye hedhi imempotea. Akasema, "Huyo simpi kitu mpaka nijue hana mimba." Kisha akaongeza kwamba kuna majani ambayo hata kuyashika hamruhusu mwenye mimba changa. Maneno hayo tuliyabeba hadi Unguja, na tulipoona kile kifuko cha dada yetu tukatafuta kama kuna onyo mfano wa hilo. Hakuna. Bibi asiyejua kusoma alikuwa na tahadhari kuliko mwenye mashine ya kuchapa vibandiko.

Ushahidi uliopo, na ule usiokuwepo

Haki isemwe: dawa za Kagera zimetafitiwa. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Mainen Moshi, walikwenda Bugabo na Katoro huko Bukoba, na kijiji cha Kikuku huko Muleba, wakachapisha matokeo mwaka 2009, 2010 na 2012. Walikaa na waganga, wakaandika jina la kila mmea kwa lugha ya wenyeji na kwa jina la kisayansi, sehemu inayotumika na ugonjwa unaotibiwa. Ni kazi ya thamani kubwa, kwani mzee akifa hufa na maktaba yake. Lakini tufahamu kazi hiyo inasema nini. Inasema kwamba watu wa pale wanautumia mmea huu kwa ugonjwa huu. Haisemi kwamba waliopewa walipona kuliko wasiopewa, wala haikupima homoni katika damu ya mwanamke yeyote. Kukiri kwamba kitu kinatumika ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba kinafaa ni jambo jingine, kama vile hadithi kuwa mashuhuri ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo jingine. Wanafunzi wetu wa mustalah wanalielewa hili haraka kuliko wengi.

Ng'ambo ya Mto Kagera, katika magharibi ya Uganda ambako mila zinafanana sana na za Kyerwa, watafiti Maud Kamatenesi-Mugisha na Hannington Oryem-Origa walichapisha mwaka 2007 orodha ya mimea zaidi ya sabini ambayo wanawake huitumia kuharakisha uchungu wa kuzaa. Baadhi yake waliijaribu juu ya misuli ya kizazi cha panya maabara. Miongoni mwake ni kishona nguo, lile jani la njiani ambalo mbegu zake hung'ang'ania kanzu, na dodoki, hili hili tunalojisugulia bafuni. Zilionekana kukikaza kizazi kweli.

Hapa ndipo tunapowaomba akina mama na waume zao wasome kwa utulivu. Baadhi ya dawa hizi zina nguvu, na hizo ndizo za kuogopwa zaidi. Mmea unaokaza kizazi si mmea unaoweka sawa homoni. Ukimpa mwanamke ambaye hedhi haijaja miezi miwili, damu ikatoka, yeye atasema dawa imefanya kazi. Huenda imefanya kazi. Huenda pia alikuwa na mimba ya wiki saba, na kilichotoka si hedhi. Ni wangapi wanaotafuta mtoto kwa miaka na wakamtoa kwa mkono wao bila ya kujua? Hesabu hiyo hakuna anayeiweka. Kipimo cha mkojo cha mimba kinauzwa kila duka la dawa kwa bei ndogo kuliko nauli ya kutoka Chake kwenda Wete, na hilo ndilo jambo la mwanzo kabisa, kabla ya unga wowote na kabla ya dua yoyote ya kufungua kizazi.

Kuna mmea mwingine, ambao Wahabeshi wanauita endod, na unamea nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwanasayansi wao, Aklilu Lemma, aligundua mwaka 1964 kwamba matunda yake yanaua konokono wanaobeba kichocho. Mmea huo huo umo katika dawa za wanawake za baadhi ya makabila. Kinachoua konokono mtoni hakikosi la kumfanya mtu anayekinywa bila ya kipimo, na unga ukishasagwa hakuna anayejua ndani mna nini. Ongeza na udongo. Huko kanda ya Ziwa wanawake wajawazito hula udongo wanaouita pemba (jina hilo lisitukere sisi wa visiwani), na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka maeneo ya migodi midogo ya dhahabu ulikuta katika udongo huo madini ya sumu, zebaki na aseniki zikiwemo. Unga wa dawa ukichanganywa na udongo huwezi kuyaona hayo kwa macho.

Na je, vya jikoni kwetu? Visiwani hatuna haki ya kuwacheka watu wa Kagera. Tangawizi ina ushahidi wa kiasi kwa maumivu ya hedhi: Iran mwaka 2009 wanafunzi wa kike 150 waligawiwa makundi matatu, wengine tangawizi, wengine dawa mbili za hospitali za maumivu, na nafuu ikawa karibu sawa. Hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kitupu, basi tusikimbilie kusema limethibitika, lakini ni chakula, na kikombe chake hakina neno. Mdalasini na uwatu vimejaribiwa kwa wenye matatizo ya vifuko vya mayai, majaribio madogo, matokeo mchanganyiko. Na mwenye kunywa dawa za sukari ajue uwatu unaweza kumshusha sukari zaidi. Habbasoda sote tunaijua hadithi yake, nayo ni sahihi, ila hadithi haikusema aiachie mtu hospitali. Kwa wanaokaribia kukoma hedhi na joto linawapanda, mapitio makubwa ya mwaka 2013 yaliyokusanya majaribio zaidi ya arobaini ya mimea yenye kufanana na homoni ya kike hayakupata ushahidi wa kukata shauri. Hiyo ni mimea iliyotafitiwa kwa fedha nyingi huko Ulaya na Asia. Huu unga wa kwenye kifuko haujafika hata mlangoni mwa maabara.

Homoni ni nini, na nani aliyezipima?

Bibi zetu waliita chango. Neno hilo lilikusanya kila kitu: maumivu ya hedhi, mimba kutoshika, uchafu, uvimbe. Sasa chango limevalishwa koti jeupe likaitwa homoni, na anayeuza anapata heshima ya daktari bila ya kazi ya daktari. Homoni ni vitu vinavyopimwa kwa damu. Hedhi inapopotea, sababu inaweza kuwa tezi ya shingoni inafanya kazi kidogo au kupita kiasi, au homoni ya maziwa imepanda, au vifuko vya mayai havipevushi mayai, jambo linalompata takriban mwanamke mmoja katika kumi, au uzito umepanda au kushuka sana, au huzuni, au umri. Kila sababu ina tiba yake, na baadhi zinapingana. Dawa moja inayodai kurudisha hedhi iliyopotea na kukata iliyozidi ni kama swichi inayowasha na kuzima taa kwa wakati mmoja.

Tena sehemu kubwa ya utasa katika Afrika si homoni kabisa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionesha kuwa kwa wanawake wa Afrika waliochunguzwa, katika wengi mno chanzo kilihusiana na maambukizo ya zamani yaliyoharibu mirija. Kagera yenyewe ina taarikh ndefu katika hili. Mwanahistoria Shane Doyle katika kitabu chake cha mwaka 2013 ameeleza jinsi magonjwa ya zinaa yalivyopunguza uzazi katika Buhaya, Buganda na Ankole katika karne iliyopita. Nchi iliyopita msiba huo lazima iwe na dawa nyingi za uzazi. Wingi wa dawa ni alama ya wingi wa uchungu, si alama ya kupona. Na maambukizo yenyewe mara nyingi huletwa nyumbani na mume. Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wanaume wenzetu hawapendi kulisikia: katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mume ana sehemu yake. Lakini kifuko ananunuliwa mke. Talaka anapewa mke. Tumekaa katika suluhu za ndoa miaka zaidi ya ishirini, na mume aliyekuja na karatasi ya kipimo chake mwenyewe kabla hajaulizwa tunaweza kumhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hili lina jingine la kifiqhi ambalo wengi hawalioni. Mwanamke aliyeachwa na anayepata hedhi hukaa eda kwa kuhesabu twahara tatu. Akiwa anatumia unga unaomtoa damu ovyo, eda yake inavurugika. Anaweza kudhani ametoka naye bado, akaolewa ndani ya eda. Mwenye kutumia dawa yoyote ya kubadilisha hedhi, ya miti au ya hospitali, amwambie Kadhi kabla hajahesabu.

Sasa hukumu ya dawa yenyewe. Asili ya mimea ni halali, na kujitibu ni katika Sunnah, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha tujitibu na ametufahamisha kuwa kila maradhi Allaah Ameyateremshia dawa. Hatumharamishii mtu mubilizi wala tangawizi. Lakini uhalali huo unaondoka kwa mambo matatu, na yote matatu tumeyakuta njiani. Kwanza, madhara, na tumeshayaeleza. Pili, kilevi: huko Kagera baadhi ya waganga huloweka dawa katika rubisi, pombe ya ndizi, na wengine husema hailevi kwa sababu ni kidogo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa kuhusu khamri kwa ajili ya dawa alisema hiyo si dawa bali ni ugonjwa, kama ilivyo katika Swahiyh Muslim. Ndugu zetu Waislamu wa Kyerwa wanalijua hili na huloweka kwa maji au kwa juisi ya ndizi kabla haijachacha. Mnunuzi wa Unguja aulize. Tatu, ushirikina: dawa ikija na sharti la kuku mweusi, au jina la mzimu, au hirizi yenye maandishi yasiyosomeka, hiyo si tiba. Na haya hayakuletwa na watu wa bara, kila mtaa wetu una wake.

Ama muuzaji, mas-ala yake ni mazito. Imepokewa katika Sunan za Abu Daawuud, An-Nasaaiy na Ibn Maajah kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu basi ni mdhamini, yaani analipa kilichoharibika. Mafuqahaa wameijenga juu yake hukumu ya dhamana ya tabibu, na mimba iliyotoka kwa dawa yake ina diya yake. Basi anayeuza kwa simu unga asioujua, aliousaga mtu asiyemjua, kwa mwanamke asiyemuona, asidhani ameuza bizari. Serikali nazo zina sheria zake: Bara kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, Zanzibar tunayo ya mwaka 2008, na tuna Wakala wa Chakula na Dawa. Kifuko kisicho na jina la mmea, namba ya usajili wala anuani ya aliyekitengeneza hakina haki ya kuwa mkononi mwa mke wa mtu. Na damu inayotoka baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, haingoji unga wa aina yoyote. Tanzania ni katika nchi zilizoathirika sana na saratani ya shingo ya kizazi, na uchunguzi wake ni wa dakika chache. Tulimzika mama mmoja aliyekunywa dawa za chango miezi minane. Allaah Amrehemu.

Tulimjibu dada yetu aache kifuko cha pili, asikitupe, aende nacho hospitali na amuoneshe daktari mwanamke, na akifika aseme wazi ametumia nini na kwa muda gani, bila ya kuona haya. Na mumewe afuatane naye akapime pia. Mama mkwe tulimpigia sisi wenyewe, kwani amefanya kwa mapenzi, na hakustahiki kuvunjiwa heshima.

Baada ya wiki tatu ametuandikia. Hakuwa na mimba, alhamdulillaah. Vipimo vya damu vimeonesha tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango, na ameanzishiwa kidonge kimoja kila siku asubuhi kabla ya kula. Ameambiwa arudi kupima baada ya wiki sita. Mume bado hajapima. Anasema ana kazi nyingi. Tumemuandikia na yeye.

Wa Allaahu A'lam.